Sauti Isiyo na Kifua

Kabla hajafika mlangoni, Linus alisikia mtu akilitaja jina la dada yake kwa sauti ya nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

Sauti ilikuwa nyembamba, haina tumbo wala kifua. Ilitoka kila upande na haikutoka popote. Linus alisimama palepale, uani kwa Mwalimu Octavian. Nyuma yake alisimama baba yake, Mzee Gabrieli, kofia mkononi. Walikuwa wanatoka stendi ya Nachingwea, na mzee alikuwa na vumbi la Chinongwe mpaka kwenye kope.

“Nani huyo anamtaja Dorotea?” mzee aliuliza.

Linus alitega sikio. Maneno aliyatambua mara moja, maana aliyapanga mwenyewe, mizani kwa mizani, bila mwalimu. Sauti ndiyo iliyomchukua muda. Alipoitambua, damu ilimpanda kichwani. Ilikuwa yake.

Dorotea alikufa masika yale ya mwaka 2006, ndani ya pikapu ya kukodi iliyozama tope karibu na Mbwemkuru, akiwa na uchungu wa kuzaa. Yeye na mtoto wake walizikwa pamoja. Siku ya mazishi Linus alisimama kulisoma shairi lake, akafika ubeti wa tatu, koo likamfunga. Alisimama mbele ya watu mdomo wazi kama samaki, mpaka mtu mmoja huko nyuma akasema, “Kijana kalewa huyo.” Linus hakuwa amegusa hata togwa. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna atakayemwona tena katika hali ile.

Ndiyo maana akalirekodi. Jumamosi ilikuwa siku ya kuweka msalaba kaburini, na shairi lingepigwa hapo, ubeti baada ya ubeti, bila koo la mtu kufunga. Lakini mzee alikuwa ameweka sharti moja: asikie kwanza. Akikataa, basi.

Linus aliingia ndani kama mtu anayemfukuza mwizi.

“Ticha, umeifanya nini sauti yangu?”

Mwalimu Octavian aliinua mikono. Alikuwa mtu wa Bukoba aliyeletwa Nachingwea na kazi ya ualimu. Chumba chake cha pili alikigeuza studio, kwa magodoro ukutani na kompyuta ya kukunja mezani. Pembeni ya kompyuta kilikaa kisanduku kipya cheusi, cha kupitishia sauti kati ya kompyuta na spika, kilichofika kutoka Dar siku tatu zilizopita.

“Sijaifanya kitu, bwana mdogo. Jana ulisikiliza kwa hedifoni, ukasema umejisikia mwanaume. Shikamoo, mzee. Karibu.”

“Marahaba,” alisema Mzee Gabrieli, akakaa. “Pigeni nisikie. Gari langu linarudi saa nane.”

Octavian akaanza upya. Spika mbili zilizokaa juu ya kabati, za rangi ya maziwa yaliyochacha, zikatoa kile kile: nzi, chupa, jina la Dorotea.

*Barabara sikuachi, dada yangu umemla,*
*Jina lake silifichi, nalitaja nikilala.*

Mistari hiyo Linus alikuwa ameisema kwa hasira iliyotoka kwenye nyayo. Sasa ilisikika kama mtu anayeomba radhi kupitia tundu la ufunguo. Mzee alisikiliza beti mbili, akavaa kofia.

“Huyu si mwanangu,” alisema.

“Baba, ni mimi!”

“Wewe nakujua tangu unalia mgongoni kwa mama yako. Huyu simjui. Mtu nisiyemjua hatamtaja Dorotea mbele ya watu.”

“Mzee, jaribu hedifoni hizi,” Octavian alisema haraka. “Humu iko safi kabisa.”

“Watu wote wa Chinongwe watavaa hayo madude makaburini?” mzee aliuliza. Alitoka, na hatua zake zikasikika zikivuka ua kuelekea stendi.

Linus aligeuka kutafuta wa kumrarua. Pembeni alikuwa amekaa Mwanasha, fundi redio wa sokoni, mwenye spika. Ufundi aliurithi kwa baba yake, marehemu Saleh, na mikono yake ilinuka risasi ya kulehemu hata siku ya Idi.

“Ni haya makopo yako!” Linus alimfokea. “Makopo ya mwaka tisini na nane, ya kuchezea watoto! Yamenivua nguo mbele ya baba yangu!”

“Angalia mdomo wako, mshairi.”

“Hata mimi nilihisi,” Octavian alidakia, mkono wake ukikifuta kisanduku kama mtu anayempangusa mwana. “Mashine mpya hii inataka spika za kisasa. Hizi zimezeeka, dada. Zimekufa mapafu.”

“Zimezeeka? Asubuhi hii nimezipigia taarabu kibandani, mama muuza ndizi akaacha biashara akacheza. Mapafu unayo wewe?”

Linus alikwishanyanyua mkono. Aliichapa spika ya kushoto kofi, wavu wake wa mbele ukadondoka sakafuni, na angeitupa ukutani kama Mwanasha hangeudaka mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama koleo.

“Ukivunja changu, Linus, utajua kwa nini baba yangu aliniachia nyundo.”

Alimsukuma, akatandaza kanga yake mezani. Hakuchomoa nyaya wala hakuuliza kama shairi limekwisha. Alikuwa amekasirika mno kungoja. Alizichukua spika zikiwa bado zinasema, akazigeuza zitazamane uso kwa uso, kama alivyozifunga siku zote asije akatoboa njiani zile karatasi zao za mbele zinazotikisa hewa, na akazibana pamoja.

Sauti ikapotea.

Haikupungua. Ilipotea, ikabaki mnong'ono kama wa mchanga. Octavian alitazama kompyuta. Shairi lilikuwa linaendelea. Mwanasha aliziachanisha spika. Nzi akarudi. Akazibana. Kimya.

“Subiri,” alisema. Hasira ilimtoka usoni kama maji yanayomwagwa. “Subirini kwanza. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Zinaulana.”

“Zinaulana vipi?” Linus aliuliza, bado anahema.

“Kama watu wawili na msumeno mmoja. Huyu akisukuma, yule anavuta, hewa inabaki palepale. Mtu akiunga spika za redio nyaya kichwa chini, inakuwa hivi hivi. Lakini hizi asubuhi zilikuwa sawa.” Alizunguka nyuma ya meza. “Ticha, umechomeka wapi?”

“Hapo. Jeki yake ndogo haikuingia, nikaazima kibadilishio cha jeki, cha kinanda cha kwaya. Kimeingia vizuri sana.”

“Kuingia si kazi. Hata kijiti kingeingia.” Mwanasha aliinama. Nyuma ya kisanduku kulikuwa na matundu mawili makubwa, la kushoto na la kulia. Octavian alikuwa amechomeka kila kitu kwenye moja. “Na karatasi ya maelezo iliyokuja nacho?”

“Niliangalia picha.”

“Isome leo.”

Octavian alifungua boksi kwa aibu, akasoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. Kisha akakaa chini.

“Wanasema kila tundu linatoa sauti ileile mara mbili, moja imesimama na moja imepinduliwa. Ni kwa ajili ya nyaya ndefu, zisidake kelele.”

“Na jeki ya hizi spika ina njia mbili, kushoto na kulia,” Mwanasha alisema. “Umemlisha huyu iliyosimama, ukamlisha yule iliyopinduliwa. Halafu unaniambia zimekufa mapafu.”

Linus aliutazama wavu uliodondoka sakafuni, akahisi masikio yanamwaka.

Mwanasha alikwishafungua mkoba wake. Alitoa maikrofoni mbili mbovu, akazikata jeki zao kubwa zenye njia moja moja. Pasi yake ya kulehemu aliichomeka kwenye jiko la mkaa lililokuwa uani likichemsha maharage ya Octavian. Kisha, bila huruma, aliikata jeki ndogo ya spika zake mwenyewe. Ndani zikatokea nyuzi tatu: nyekundu, nyeupe, na ile ya shaba tupu. Nyekundu kwenye jeki moja, nyeupe kwenye nyingine, na shaba akaigawa kwa zote mbili.

“Umekata jeki yako,” Linus alisema.

“Nimeona. Sasa unanitazama nini? Mrudishe mzee!”

Linus alikimbia. Alipofika stendi, gari la Ruangwa, ndilo la kurudi kwao, lilikuwa linanguruma, na baba yake amekaa dirishani, mikono juu ya magoti.

“Baba, shuka.”

“Nimeshasikia, Linus.”

“Hujanisikia mimi. Umesikia waya uliochomekwa vibaya. Shuka unisikie, ukinikataa hapo, nitanyamaza.”

Kondakta alipiga bodi. Mzee alimtazama mwanawe, jasho na ghadhabu vikimtiririka pamoja, akasimama. Gari likaondoka bila yeye.

Waliporudi, spika zilikaa juu ya kabati, mkia mmoja umekuwa miwili, kila mmoja kwenye tundu lake. Octavian alibonyeza.

Mzee Gabrieli alishtuka akashika kiti. Sauti ilitoka katikati ya chumba kana kwamba mtu amesimama pale, na kifua chake, na hasira yake yote. Iliikamata barabara ikaitikisa. Ikalitaja tope, ikaitaja pikapu, ikamtaja Dorotea kwa jina lake kamili. Kopo la misumari ya Mwanasha lilitetemeka juu ya meza. Kwenye ubeti wa mwisho kulisikika pumzi ikikwama, kisha ikaendelea.

Shairi lilipokwisha, mzee alikuwa anatazama sakafu.

“Huyu namjua,” alisema. “Mlete Jumamosi.” Akanyanyua kidole. “Lakini huo ubeti wa mwisho, wenye mtoto. Huo hautasemwa na sanduku. Mama yake Dorotea anataka kuuona mdomo unaousema.”

“Baba, koo langu...”

“Litafunga. Nitasubiri lifunguke. Kila mtu atasubiri. Atakayesema umelewa, mimi ndiye nitamjibu.”

Linus alitaka kubisha, kama ilivyokuwa kawaida yake. Badala yake aliinama, akaokota wavu wa spika, akaurudisha mahali pake kwa dole gumba, taratibu, mpaka ukalia tik. Kisha akamgeukia Mwanasha.

“Dada Mwanasha, hizi spika sikustahili kuzigusa. Niazime Jumamosi.”

“Uzichape tena?”

“Nitazipakata mpaka Chinongwe,” Linus alisema, kwa nguvu, ili baba yake naye asikie. “Na zikifika kwenye ubeti wa mwisho, nitazizima kwa mkono wangu, nisimame pale kaburini niuseme wote. Hata kama jua litazama nimesimama.”