Matairi Yaliyopakwa Dawa ya Viatu

Usiku wa jana niliota nampeleka dada yangu Atupele kuolewa Tukuyu. Pikipiki ni yangu, ile ya safari ndefu, na matairi ni mapya. Nimeyapaka dawa ya viatu kuanzia ubavuni mpaka kwenye kashata, yale meno yanayokanyaga lami, ili yang'ae. Madereva wote wa Uyole hufanya hivyo siku ya harusi, ila mimi nilimaliza kopo zima. Sijawahi kuwa wa pili.

Mvua inanyesha. Atupele amekaa nyuma na shela yake, anakula ndizi ya kuchoma. Tunaingia kona ya kwanza ya mashamba ya chai, na tairi la nyuma linakohoa.

"Simama," linasema. "Umenipaka mafuta kwenye nyayo, halafu unataka nikimbie?"

Nikalijibu kwamba mimi siamrishwi na mpira. Likasema sawa, likajichomoa, likaketi kando ya barabara na kuvaa sweta. Likaeleza kuwa bado ni jipya na lina baridi, na tairi lenye baridi halishiki kitu, hata mkono wa mtu. Nikanyoosha mkono kulisalimia. Ukateleza mpaka Kyela. Nikauvuta polepole ukarudi.

Ghafla tuko ndani ya ukumbi wa harusi. Matone ya mvua yamevaa suti, yamepanga foleni mbele ya tairi. Tone moja lenye miwani linanieleza kwa adabu kwamba kila mfereji wa kashata ni mlango wa kutokea.

"Wewe umeziba milango, bwana mdogo. Tutabaki chini, nawe utakuwa juu yetu. Sisi hatujazoea kubeba maharusi."

Hasira zikanipanda, nikalijibu kwa shairi:

*Mimi nikipita radi, husimama ikapisha,*
*Mvua yaweka ahadi, mimi haitaniosha.*

Matone yakapiga makofi, lakini hakuna lililoondoka. Tairi likasema vina vimekaa vizuri, ila radi haijawahi kukata kona.

Atupele akameza ndizi yake.

"Kaka, unataka nifike, au unataka nionekane?"

Nikavua koti langu jeupe, nikalisugua tairi. Milango ikafunguka. Matone yakatoka moja moja, kila moja likinipa pole ya kazi.

Tairi likarudi mahali pake. "Katikati yangu ni pagumu, pa mwendo mrefu," likasema. "Pembeni ni laini, ndiko kunakoshika kona. Inamisha taratibu, huko pembeni kupate joto, kuamke."

Nikainamisha taratibu. Michai ikatugusa, tairi likacheka kama mtoto anayetekenywa, likachuma jani moja la njiani.

Nikaamka. Mvua inagonga bati. Pikipiki iko sebuleni ilikolala, matairi yanawaka, kopo tupu liko juu ya meza. Nikajiambia kwa sauti kwamba mimi siamrishwi na mpira.

Nje wenzangu wa msafara wa harusi walikuwa wameshaanza kupiga honi. Atupele akanikuta nimechuchumaa na ndoo ya sabuni na brashi, akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia leo tutakwenda polepole, nyuma ya wote, na aniletee ndoo ya pili kwa ajili ya matairi ya wale wa nje.

Tairi lile lilifungwa jana, humu humu sebuleni. Halijaonja hata vumbi la uani. Lakini kwenye mfereji wake limebanwa jani bichi la chai, na bado linadondosha maji.