Uzito wa Biubwa

Jumanne moja ya mwaka 1951, saa mbili asubuhi, Biubwa binti Pazi alikaa chini katikati ya konde lake, kando ya njia ya Maneromango, akaanza kumenya muhogo. Alikaa palepale lilipotakiwa kuchimbiwa jiwe la tatu la mpaka. Serikali ilikuwa imeamua kwamba konde hilo, na mengine kumi ya jirani, ni msitu. Mimea iliyokuwapo ni mihogo na mikorosho, lakini kwenye ramani pamepakwa rangi ya kijani.

Biubwa alikuwa mjane mwenye watoto watano, na watoto hawali ramani. Wanawake wenzake kumi, wenye makonde hayo mengine, wakaja wakakaa naye. Hawakutukana mtu, hawakurusha hata ganda.

Sajini Salumu aliwaamuru wainuke. Hawakuinuka, akampiga Biubwa fimbo ya bega. Biubwa akazama udongoni kiasi cha kidole kimoja. Fimbo ya pili, vidole viwili. Ilipofika ya sita, askari wanne walimshika mikono na miguu wakashindwa kumnyanyua, wakaleta gari la boma, na kamba ikakatika. Wale kumi wakawa vivyo hivyo, kila mmoja kwa kadiri alivyopigwa. Karani Hemedi, mzaliwa wa Kisarawe, aliandika kwenye faili: "Wanawake wameongezeka uzito kwa sababu ya fimbo." Akapiga mstari chini ya neno fimbo.

Jioni maumivu yalipopoa, uzito nao ulipungua, wakaenda nyumbani kupika. Asubuhi wakarudi. Ikawa hivyo kwa wiki tatu, na jiwe halikuchimbiwa.

"Sajini, hilo bega lako la kupigia likande kwa maji ya moto," Tatu, jirani wa Biubwa, alimshauri siku moja. "Usije ukashindwa kuja kesho."

"Asante, mama," sajini akasema, akampiga.

Kisha akaja Bwana Shauri mpya, ofisa Mzungu wa wilaya, kijana mpole wa sauti ya chini. Alisoma faili lote tangu mwanzo, akauliza swali moja.

"Na wasipopigwa?"

"Hatujajaribu, bwana," alisema Hemedi.

Sajini Salumu akahamishiwa Lindi. Hemedi akashauri kwamba ulinzi wa konde apewe Koplo Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora. Hakueleza kwa nini, wala hakuulizwa. Amri mpya ikasomwa: asiguswe mtu. Wanawake wakaletewa mikeka, mtungi wa maji na chai ya maziwa. Bwana Shauri alikuja mwenyewe, akavua kofia, akamwamkia kila mmoja shikamoo, hata Mwamvita aliyekuwa na miaka kumi na tisa.

Siku ya tatu, Tatu aliinuka hewani, juu ya mkeka, kiasi cha shubiri moja, kikombe mkononi, bila kumwaga chai.

"Jamani, naondoka," akasema.

Wakamvuta kwa kanga. Kufika adhuhuri wote kumi na mmoja walikuwa wameng'ang'ania mashina ya mihogo, na muhogo kazi yake ni kung'oka. Wakafunga mawe kwenye kanga, kanga zikachanika. Mwamvita akasema basi wapigane wao kwa wao. Kofi alilompa Tatu lilikuwa la haki kabisa, likaacha vidole vitano shavuni. Tatu alibaki hewani vilevile, ila sasa amenuna.

Biubwa akamgeukia koplo. "Mtani, nipige."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa au mkono umelegea? Mpagazi wewe. Babu yako alileta pembe pwani akasahau njia ya kurudi."

"Hakusahau. Bibi yako alimficha uvunguni."

"Alimfuga, kwa kuwa hakuwa na jimbi wa kuwika. Haya, nipige, kama kweli wewe mwanamume wa Tabora."

Koplo Mihayo akaisahau amri. Kofi lilisikika hadi barabarani.

Lilikuwa kofi zuri, lakini la mtani, maana Wanyamwezi na watu wa pwani hii ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako akikupiga, au akikumwagia majivu msibani, hajakukosea. Amechukua haki yake. Wanawake wote wakacheka, na Biubwa mwenyewe akacheka hadi machozi. Kwa kicheko hicho shina la mwisho likang'oka. Hemedi, aliyeyajua hayo tangu alipomtaja koplo, aliinamia faili lake.

Waliondoka taratibu, kanga zimejaa upepo, wakielekea upande wa Ruvu. Bwana Shauri aliwapungia kofia mpaka wakapotea. Kabla ya alasiri walishuka Dutumi, kwenye shamba la mpunga. Wenyeji waliwapa uji, wakawauliza kama ile mihogo waliyoshika ni ya kuuza.

Kurudi kwa miguu kuliwachukua siku nne. Walikuta mawe yote yamechimbiwa, mihogo imefyekwa nusu, na miche ya misaji imepangwa kwa mistari. Ripoti ya boma ya mwaka ule ilisema kwamba kazi ilimalizika bila mtu yeyote kuguswa. Ilikuwa kweli, ukiacha kofi moja la utani, ambalo haliandikwi.

Biubwa alirudiwa na uzito wake wa kawaida, wa mtu mwenye watoto watano wenye njaa. Mwezi uliofuata alichukua jembe na kikapu, akaenda kwenye ile nusu iliyobaki. Mlinzi wa msitu alikuwa amesimama kwenye jiwe la tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchimba muhogo wangu."

"Hairuhusiwi, mama. Samahani sana."

"Nikiingia utanipiga?"

"Mungu apishe mbali. Nitakuletea kiti, upumzike."

Akakileta. Kilikuwa kiti kizuri, cha kuegemea. Biubwa alikitazama, akahisi visigino vyake vinaanza kuachana na ardhi. Akajitwika kikapu kitupu, akashika njia ya nyumbani upesi, kabla hajaletewa na chai.