Kiapo cha Mia Tano Sitini na Mbili

La, jirani, si harusi wala si matanga. Wale watu ishirini uliowaona wakipanda ngazi ya mlangoni kwetu hapa Kuze waliletwa na nambari. Usicheke, ngoja nikwambie.

Mjukuu wangu Nabiha alitoka na mchezo shuleni. Mimi shule yangu ni kuuza kahawa, basi akanieleza kwa vikombe. "Babu, vikombe kumi. Vipange mafungu sawasawa, kisibaki hata kimoja: kimojakimoja, viwiliviwili, vitanovitano. Fungu zima la kumi usilihesabu. Sasa jumlisha: moja na mbili na tano?"

"Nane."

"Haya, sasa vipange hivyo vinane." Nane ikatoa saba, saba ikatoa moja, basi. Nambari imekufa.

Alhamisi nduguye Taha akashika thelathini, ikapanda, ikashuka, hatua ya kumi na nne ikafa. Nabiha yeye alichukua mia tano sitini na mbili, kaiona kwenye mita ya maji. Taha akamcheka: "Yako haifi! Bishi kama mwenyewe!" Msichana akapandwa na hasira: "Wallahi sili mpaka ife!"

Lo! Ikatoa mia mbili themanini na nne, hiyo ikatoa mia mbili na ishirini, hiyo nayo ikarudi palepale pa mia mbili themanini na nne. Huku na huku, huku na huku. Asubuhi mahamri hakugusa. Kajifungia chumbani, dirisha kalifunga, joto hilo!

Nimetoka sala ya Ijumaa, pilau iko mezani, Nabiha hashuki. Nikadhani nitamvuta kwa huruma: "Wallahi na mimi sitii mkono sahanini mpaka yeye aje!"

Mke wangu Manar akashika kiuno. "Mmefungana kamba moja! Na mimi lini nilikula kabla yako? Kalaleni na njaa zenu!" Taha kajiinamia.

Nikapanda juu na sufuria ya kunde. Labda kakosea. Tukahesabu mia mbili na ishirini, tukapanga mafungu sakafuni mpaka magoti yakaniuma. Hesabu sawa kabisa.

"Haina kosa, mwanangu. Haina mlango tu."

Akalia. "Basi nife na njaa, Babu?"

Nikamfuta machozi. "Kiapo cha hasira kina kafara. Ukikivunja, walisha maskini kumi."

"Na chako?"

"Kumi wengine."

Manar akapiga kelele kutoka chini: "Pilau ya watu wanne hii!"

"Ongeza mchele, mke wangu! Azima sufuria kubwa!"

Nikateremka Mwembe Tayari, nikamkuta Athmani, mvuta mkokoteni, tumbo lake tupu, na wenziwe kivulini. Niliporudi nao Nabiha alikuwa anatandika mkeka, anahesabu sahani za wageni ishirini, mara akasimama.

"Babu! Ishirini yatoa ishirini na mbili, halafu kumi na nne, halafu kumi! Imeungana na ile ya vikombe!"

"Yafa?"

"Yafa!"

Athmani akashtuka mlangoni, kiatu mkononi. "Nani kafa, mzee? Mwatuita matangani?"

"Nambari, ndugu yangu. Pita."

Akanitazama kana kwamba nimepigwa na jua, lakini harufu ya pilau ikamvuta. Birika likazunguka, watu wakanawa. Nabiha akajibana kando yangu, Taha akamsogezea kachumbari. Manar akaweka sinia la mwisho, naye akaketi, nikasema bismillahi.