Sikio la Upande wa Dereva

Mimi nikishika spana sipendi kufundishwa, na hilo nilimwambia hata afisa wa wilaya siku alipokuja kuijaribu boti yetu akatikisa kichwa. Boti yenyewe iliachwa na mzungu wa shamba la mkonge, aliyekuwa akienda nayo ziwani kuvua. Mashamba yalipotaifishwa akafunga virago, na wilaya ikatukopesha boti sisi wa kijiji cha ujamaa kando ya mto Mkondoa, ituvushe masika. Ilikuwa nzima isipokuwa nyuma. Kulikuwa na mabamba mawili ya chuma yaliyoning'inia kwa bawaba chini kabisa, moja kila upande wa injini, na yote mawili yalikuwa yameliwa na kutu. Sisi tuliyaita masikio. Bila masikio, boti ikipakia watu hukaa chini nyuma, na pua hupanda juu.

"Pua ikipanda hivi, ndugu Damiano, dereva anaona nini?" afisa aliniuliza.

"Mawingu."

"Na magogo?"

"Magogo yanamwona yeye."

Hakucheka. Alisema atarudi Ijumaa. Boti ikivuka imejaa watu na dereva akaona mbele, ni yetu. Ikishindwa, inakwenda kwa wengine. Na hadi siku hiyo asipande abiria.

Jambo hilo halikuwa mchezo. Ng'ambo ya mto anakaa Bi Siwema, mkunga aliyewapokea watoto wa kule karibu wote. Masika yaliyopita binti yake Mwanasha alishikwa na uchungu, mtoto akakwama, na zahanati iko upande wetu. Mtumbwi ulijaribu kumfuata ukarudishwa na maji. Tulisimama ukingoni tukasikia kilio kikianza kule, wala kuzika hatukwenda. Mwaka huu mwenye mimba ni mdogo wake, Joha, na mwezi wake ulikuwa umetimia. Mto ulikuwa umeshafura. Nilikuwa na hasira na maji, na kutu, na yule mzungu asiyejua kupaka rangi chuma chake.

Masikio mapya nilimwagiza Lupakisyo wa Mikumi, ambaye kazi yake ni kuunga vyuma vya malori yanayokwenda Zambia. Nilimchorea chini kwa kijiti: mabamba mawili, ukingo wa nyuma ukunjwe uelekee chini ili bamba lisipinde, na moja likatwe pengo la kupitisha mguu wa ngazi, ile ambayo abiria hupandia nyuma.

"Pengo liwe upande gani?" akauliza.

"Upande wa dereva."

"Wa dereva. Nimekupata, kaka."

Mafundi wa magari hatuna habari ya kulia na kushoto. Tuna upande wa dereva na upande wa utingo, basi, na tangu nianze ufundi hakuna aliyenielewa vibaya.

Mzigo ulifika Alhamisi kwa lori la pamba, na nyuma yake mvua ikaikata barabara ya Mikumi. Nikafungua gunia. Kazi safi, nasema kweli, imepakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Nikayaweka mahali pake. Pengo likakaa kulia. Ngazi iko kushoto.

Nikakaa chini kwenye tope. Katika malori yote ya Lupakisyo dereva anakaa kulia. Katika boti ya mzungu yule, usukani uko kushoto.

"Si ulibadilishe tu," akasema mke wangu Odilia, aliyeniletea uji.

"Nikilihamisha itabidi nilipindue ili pengo likutane na ngazi, na ukingo utaangalia juu. Usinitie wazimu, mama."

"Basi likate jingine pengo."

"Kwa meno? Gesi ya kukatia iko Mikumi."

Akaunywa uji wangu nusu, akiitazama boti. Mwanamke wa milima ya Vidunda yule, hana haraka. "Na hiyo ngazi," akasema, "ina mizizi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, nikaitazama ngazi kwanza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaing'oa ngazi, matundu yake nikayaziba kwa vigingi na lami, nikaifunga kulia. Chini ya bawaba nikalaza mpira wa tyubu ya trekta maji yasipenye. Sikio la kushoto nikalishusha zaidi kidogo kuliko mwenzake, kwa kuwa dereva ni mimi, nakaa kushoto, na mimi si mwepesi. Jua lilipotua kazi ilikuwa imekwisha, na uji uliobaki nikanywa.

Ijumaa afisa alikuja na koti la mvua. Tulikuwa bado tunapanga watu wa kujaribia pale Odilia aliponishika mkono. Ng'ambo mtu alikuwa akipunga shuka nyeupe juu ya mti. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Shusheni watu," nikasema. "Pakieni mifuko ya mahindi nyuma, iwe uzito wa abiria. Ndugu Afisa, wewe ingia ukae nami. Jaribio ndilo hili."

Aliingia. Mtu mzima yule, nampa haki yake.

Nilitia moto. Nyuma ikazama, pua ikaanza kupanda, na afisa akashika ubao kwa mikono miwili. Kisha masikio yakashika maji. Pua ikashuka taratibu ikalala, na mto wote ukawa mbele yangu, mwekundu, na gogo likija na mizizi yake juu. Nililiona mapema. Nikalipisha kama mtu anavyompisha mwenzake mlangoni.

Bi Siwema alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, amemkumbatia Joha. Nikawageuzia nyuma ya boti.

"Shikamoo, Bi Siwema. Ngazi imehamia kulia."

"Marahaba." Akaitazama ngazi. Kisha akamwambia binti yake, "Mguu wa kulia, mwanangu. Sema bismillahi." Joha akapanda, afisa akimvuta, na mama yake akafuata kwa mguu wa kulia vilevile.

Katikati ya mto, Joha akiwa amelala juu ya mifuko, Bi Siwema alinyoosha mkono akaigusa ngazi ile.

"Siku zote nilikuwa naileta boti kwetu akilini," akasema. "Mwanasha angeshika hapa, angekanyaga hapa."

Nilikuwa nalia, nikaendelea kuangalia magogo.

Joha alijifungua zahanati, salama, na boti ikawa yetu. Barabara ilipofunguka, Lupakisyo alikuja mwenyewe na mtungi wake wa gesi, kichwa chini, kurekebisha pengo. Nikamwonyesha Bi Siwema, aliyekuwa akipanda na mjukuu mgongoni kurudi kwake, mguu wa kulia kwanza.

"Usiguse kitu," nikamwambia.