Upande wa Ndani wa Kioo

Tangu duka la jirani yetu livamiwe na watu wenye bunduki, mume wangu Ravindra alikosa usingizi, na mtu asiyelala hamwachi mwenzake alale. Mara anashuka kukagua makufuli, mara anapanda, mara anashuka tena. Pikipiki ikilia vibaya mtaani anainama nyuma ya kaunta na mizani yake kifuani. Mwishowe akaagiza kioo cha kuzuia risasi kutoka Afrika Kusini. Miaka hiyo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, chochote ulichokitaka kililetwa kwa kontena, sembuse kioo. Kilitoka bandarini juu ya lori, wachukuzi wakakiingiza huku wakikilaani, kikasimamishwa katikati ya duka letu la usonara, ukuta hadi ukuta, kaunta hadi dari. Unene wake vidole vitatu. Nusu ya mtaa wetu wa Mchafukoge ilikuja kukitazama, na Ravindra akawapokea kama mtu aliyepata mjukuu.

Mimi nilikichukia siku hiyohiyo. Duka la sonara ni mahali pa kunong'ona. Wanawake wa mitaa ya Kariakoo na Gerezani hawaji kununua tu, wanakuja kuniwekea vitu: pete ambayo mume haijui, mkufu ambao wifi anaumezea mate. Mtu anainama kwenye kaunta, ananiambia sikioni, nafunga kitu chake kwenye kitambaa, basi. Ni amana. Mama mkwe wangu aliwawekea mama zao vivyo hivyo. Sasa utainamaje, na kioo kimefika darini? Kilikuja na kipaza sauti chake, sikatai, ila umeme ulikuwa wa mgao, mchana kutwa haupo. Ikabidi watu wapige kelele. Mama mtu mzima na buibui lake anafoka, "NIMEFUATA ZILE HERENI ZA SIRI!" na wamachinga huko nje wanamwitikia, "Mpe mama hereni zake!" Wengi wakaacha kuja.

Halafu kulikuwa na mlango. Mlango wa chuma pembeni ya kioo, ufunguo mmoja, nao unakaa mfukoni mwa Ravindra. Akitoka ananifungia ndani pamoja na dhahabu.

"Kwa usalama wako, Ila mke wangu," ananiambia.

"Na nikibanwa na haja?"

Akaninunulia ndoo. Nilikasirika mpaka nikacheka, kisha nikakasirika upya.

Ijumaa moja Ravindra alikwenda bandarini kufuatilia mzigo. Umeme hakuna, feni imekufa, jasho linanitiririka mgongoni, ninazunguka mle ndani kama kuku aliyefunikiwa tenga. Ndipo akaingia Zamda. Zamda ni rafiki yangu tangu usichana, kabla hatujajua wanaume tutakaopewa. Alitazama mlangoni, akatazama dari, akakisogelea kioo akafungua mdomo. Sikusikia kitu. Nikamwonyesha apaze sauti. Akatikisa kichwa, akainua mkono wa kushoto na kuvuta buibui lililofunika kiwiko.

Nilizijua zile bangili. Mbili, nzito, za marehemu mama yake, alivalishwa mkono ukiwa mwembamba na tangu hapo hazikuwahi kuvuka kiganja.

Chini ya kioo kuna droo ya chuma ya kupitishia vitu. Nikaivuta, nikaichomoa yote nikaiweka sakafuni, likabaki tundu. Nikapiga magoti nikaweka sikio. Zamda naye akachuchumaa upande wake.

"Mama Manan, nifiche hizi."

"Kuna nini?"

"Baba Nasreen anaenda tena Dubai. Mkufu aliuchukua akauuza, ukarudi redio zisizoongea. Hereni zikarudi viatu vya mguu mmoja. Sasa anazitaka hizi, leo akitoka msikitini. Nikifika nyumbani na mkono mtupu nitasema vibaka wamenikaba sokoni."

"Mbona hukuzivua nyumbani?"

"Nyumbani kumejaa ndugu zake, nitavulia wapi? Fungua mlango niingie."

"Sina ufunguo."

"Kakufungia?"

Nilimwambia, "Lete mkono."

Akauingiza kwenye tundu mpaka kiwiko. Ile ndoo sikuwahi kuitumia kwa haja, niliiwekea maji ya akiba na kipande cha sabuni. Nikaupaka mkono povu, nikamkunja kidole gumba kiganjani, nikaanza kuisukuma bangili ya kwanza huku nikibonyeza mifupa. Kazi hiyo naijua: ukimwonea mtu huruma unamuumiza mara mbili. Zamda alikuwa anaguna tu. Ya kwanza ikatoka imeacha alama nyekundu. Nikaanza ya pili, imefika kwenye vifundo vya vidole na imekwama kabisa, haiendi mbele hairudi nyuma, nikaona kanzu nyeupe mlangoni.

Alikuwa Abdulatif, Baba Nasreen mwenyewe, mume wake. Hakuwa amemfuata, alikuja kuulizia bei ya dhahabu. Akasimama, akamwona mkewe amechuchumaa, mkono umemezwa na kaunta yangu. Akanitazama kupitia kioo, akaiona bangili kwenye magoti yangu. Kisha, Mungu nisamehe, akatabasamu. Alidhani Zamda amemtii.

"Kumbe umeshawahi!" akasema kwa furaha, kwa sauti kubwa mpaka nikamsikia. "Mama Manan, malizia. Kisha nipimie."

Vidole vya Zamda vilikuwa ndani ya vyangu. Kupitia tundu akaniambia neno moja, "Malizia."

Nikavuta. Bangili ikatoka na ngozi kidogo. Mkono ukarudi upande wake, nami nikainuka, nikaziweka bangili zote mbili kwenye sefu na kuzungusha namba. Nilipogeuka Abdulatif alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anasema. Nikaweka kiganja nyuma ya sikio. Akasema tena, shingo imesimama mishipa. Nikaonyesha kipaza sauti, nikaonyesha taa iliyozimika, nikainua mabega. Akakipiga kioo ngumi. Wala hakikutikisika. Sitasema uongo, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikipenda kioo cha Ravindra, nikasimama pale nimefunga mikono kifuani kama malkia.

Furaha hiyo haikufika mbali. Abdulatif aliacha kunitazama, akamgeukia mkewe.

Mimi nilikuwa na vidole vitatu vya kioo na mlango wa chuma. Zamda alikuwa na buibui lake. Nilijirusha chini kwenye tundu.

"Mwambie azitoe," Abdulatif alikuwa anasema, taratibu sana.

"Hazitoki. Za mama yangu."

"Zamda."

"Mpaka nife."

Niliona miguu ikisogea. Nikasimama. Alikuwa amemshika mkono uleule, karibu na kiwiko, anamvuta kuelekea kwenye kioo ili aniombe. Lakini mkono ulikuwa umejaa povu. Ukamponyoka. Alipoukamata mara ya pili ukamponyoka tena, na Zamda akapiga hatua nyuma, akageuka, akatoka mbio. Abdulatif akamfuata.

Niliita jina lake. Nililiita mpaka koo likaniuma, na sidhani lilivuka kaunta. Nikautikisa mlango. Nikachukua nyundo kubwa ya Ravindra ya kugongea chuma, nikaanza kukipiga kioo. Mikono ilinifa ganzi. Nje wamachinga walikusanyika kutazama. Mmoja akapiga makofi, akidhani tunawaonyesha wateja ubora wa bidhaa. Nililia kwa hasira, nikaendelea kupiga, na wao wakaendelea kushangilia.

Ravindra alinikuta hivyo. Alipasua kundi la watu, akaingia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukikagua kioo. Nilimwona kwa macho yangu akipitisha kiganja pale nilipokuwa ninapiga. Ndipo akanitazama mimi.

"Nani amekuja? Wamechukua nini?"

"Fungua."

"Ila, kwanza niambie..."

"Fungua!"

Akafungua. Nilimpita bila kumgusa, nyundo nikiwa nayo mkononi. Nilikwenda kwa miguu hadi Kariakoo, nikikatiza katikati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, watu wakinipisha mimi, mwanamke wa Kihindi mwenye sari iliyolowa na nyundo. Kwa Zamda hakukuwa na mtu. Nikaenda kwa Siti, dada yake mkubwa, ambaye Abdulatif anamwogopa kuliko polisi.

Zamda alikuwa uani, ameketi mkekani, mzima, mkono wameufunga kitambaa chenye binzari. Siti alisema Abdulatif aliishia barazani. Alipewa maneno yake akaondoka.

"Ziko?" Zamda akaniuliza.

"Ziko. Hakuna atakayezigusa."

Akafumba macho kwa kushukuru. Alipoyafumbua akanitazama vizuri, sari, nyundo, uso.

"Na wewe, Mama Manan? Nani kakufungulia?"

"Nilimngoja mpaka aliporudi," nikasema.

Zamda hakucheka. Alinisogezea nafasi mkekani, nikakaa nikalia, na Ravindra alipotuma mtu kuniita nikamwambia sirudi mpaka achonge ufunguo wa pili.