Vesta na neno yake moja

Bon, nilimaliza shule mwaka jana, mwezi wa sita, na miaka yangu dix-huit. Tangu siku ile maman ananiangalia sawa vile kabati yenye bantu ya déménagement, benye kuhamisha vyombo, balisahau mu salon.

"Aristote, utafanya nini na maisha yako?"

"Ninafikiri, maman."

"Fikiri na mikono basi. Masahani iko mu évier."

Dada yangu Hadassa, yeye hajifichi hata. Anacheka waziwazi.

Alors, mu mwezi wa tatu, monsieur Florent, jirani wa chini yetu hapa Evere, mu Ubelgiji, akapasuliwa nyonga. Ni muzee ya Kibelgia, muwindaji, na iko na mbwa jina yake Vesta: masikio marefu, na matako yenye haikai chini hata dakika deux. Florent akaniita, béquille, fimbo ya kutembelea, mu mukono.

"Wewe hutulii, na yeye hatulii. Mutasikilizana."

Mimi nilifikiri mu printemps, baridi ikiisha, mbwa ya kuwinda iko congé, inapumzika. Ndege iko na mayai, msimu imefungwa, bunduki inalala mu coffre. Kumbe njo wakati ya masomo. Mbwa yenye haisome mu mwezi wa tatu, Florent anasema, mu mwezi wa kumi itakuletea haya mbele ya bantu.

Na kulikuwa jambo ingine. Mu mwezi wa tano kuko examen ya mbwa, na mwenye kuhukumu ni madame Mathilde, rafiki ya Florent. Huyu madame anafundisha mbwa ya bawindaji, na anatafuta apprenti, kijana wa kujifunza ile kazi. Vesta akipita, mimi naingia kazi septembre. Vesta akianguka, maman alishaandikisha jina yangu ku droit, masomo ya sheria, nikuwe avocat sawa cousin Kyungu, mwenye anavaa cravate ku shingo hata siku ya barbecue.

Donc nikaanza. Kila asubuhi tunaenda ku kiwanja ya rafiki ingine ya Florent, ndege ya aéroport ya Zaventem inapita juu ya kichwa. Vesta anaikala. Natupa mbali kasaki, kamufuko ka kitambaa, kenye tulifunga manyoya ya bata. Hapana kutikisika! Anangoya. Nasema neno, anakimbia, anakaleta mpaka mu mukono wangu. Florent iko mu kiti yake ya kukunja, anapiga kelele:

"Neno moja! Luga yoyote, mbwa haina passeport. Lakini moja, na kila mara ileile!"

Bon, mimi nikachagua "leta". Kufika mwezi wa nne, Vesta alikuwa ingénieur.

"Bantu bengine banasomesha batoto," maman anasema. "Ya kwangu anasomesha mbwa."

"Na mbwa alishamupita," Hadassa anajibu.

Kukabaki wiki moja ku examen. Siku ya dimanche Florent alienda kwa binti yake, akatuachia Vesta. Nikamuikalisha karibu na meza, sawa vile ku kiwanja. Maman akatoa chakula, bukari na sombe, akapangusa mikono, akasema:

"Bon, mukuye kula."

Vesta akaruka. Akapotea mu couloir, akarudi na kilato, kiatu ya papa yetu, mu mudomo, akaniwekea mu mukono vizuri kabisa. Tukacheka mpaka machozi. Lakini Hadassa hakucheka.

"Muikalishe tena," anasema. "Sasa sema leta."

"Leta."

Vesta akaniangalia.

"Leta!"

Akapiga miayo.

"Sasa sema bon."

"Bon..."

Kilato ya pili ikafika.

Hadassa akaanguka ku canapé. "Wewe kila siku unasema 'bon, leta'! Mbwa alishika ya kwanza. Ile ya pili ulikuwa unajisemea peke yako!"

Lundi nikaenda kumuambia Florent, kichwa chini. Muzee akafikiri.

"Kumufundisha upya mu siku cinq? Haiwezekane. Basi neno yake njo 'bon'. Wewe njo tutafundisha sasa. Usiitoe ovyo."

Hadassa akachukua ile kazi na furaha yote. Akakamata chupa ya kunyunyizia maua. Kila "bon" yenye ilitoka bila sababu, maji mu uso. Mardi nililowa mara quatorze, shati na suruali. Jeudi, mara deux tu. Vendredi nilikuwa mukavu kabisa, na maman akasema kama angejua ile dawa, angeianza nikiwa na miaka trois.

Samedi tukafika ku examen. Bawindaji na mabotte yabo ya kijani, mbwa imenyooka sawa basoda ya jeshi. Vesta anaikala pembeni ya muguu wangu, sanamu. Madame Mathilde akakuya na karatasi yake, akatabasamu:

"Bon, alors, monsieur Aristote..."

Vesta alishaondoka. Kasaki hakajatupwa hata! Akazunguka kiwanja, akarudi na kofia ya muzee moja mwenye alikuwa ameiweka ku majani ili akule tartine, mukate yake. Akaiweka mu mukono wangu.

"Yeye hana kosa, madame," nikasema. "Ni mimi. Neno yake ni ile yenye umesema sasa hivi."

"Neno gani? Bon?"

Vesta akaondoka tena. Safari hii alileta tartine.

Mathilde akafunika mudomo na karatasi. Mabega yake ilikuwa inatetemeka. Kila mbwa iko na essai deux za kujaribu. Akanionyesha vidole viwili, akabakisha kimoja, akarudi nyuma bila kusema kitu.

Bunduki ikalia. Kasaki kakaruka, kakaanguka mbali. Vesta, sanamu. Sasa ni mimi. Nikafungua mudomo... na mudomo ikakataa. Ku barrière ya kiwanja Hadassa alikuwa amesimama, na wiki nzima uso yangu ilijifunza: ile neno, maji. Nikatoka na nini? "Leta."

Vesta akapiga miayo. Nyuma yangu muntu akacheka. Nikaona cravate ya Kyungu inakuya yenyewe ku shingo yangu. Nikaachilia mabega, nikapumua.

"Bon," nikasema. Ilitoka peke yake, ya muntu mwenye alishashindwa.

Vesta akatoka sawa risasi. Alienda moja kwa moja, akarudi moja kwa moja, akaikala, akaniwekea kasaki mu mukono, kakavu, bila mate.

Mathilde akaandika muda murefu. Akafungua mudomo, akaangalia Vesta, akaufunga. Akanipa karatasi. Juu: Vesta, amepita. Chini, na kalamu ya bleu:

"Lundi ya kwanza ya septembre, huit heures ya asubuhi. Kwangu kuko mbwa onze. Ile neno, uiachie ku portail, usiingie nayo."

Ku nyumba, maman akaisoma mara deux. Akaniangalia mimi, akaangalia Vesta mwenye alikuwa ameikala.

"Bo..." akaanza.

Hadassa akamunyunyizia maji.