Soketi ya Jikoni

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imepungua, gari jeupe lenye ngazi juu lilisimama mbele ya nyumba na dereva hakushuka mara moja.

Luseane alilitazama kupitia upenyo wa pazia. Nembo ya mlangoni ilikuwa ya kampuni ya mtandao. Ndani alikuwemo mtu mmoja. Watu wa uhamiaji hawaji mmoja mmoja, na hawaji saa nne. Huja kabla hakujapambazuka, kwa magari mawili au zaidi, kama walivyokuja mwezi uliopita kwenye nyumba ya njano nyuma ya kituo cha mafuta. Watu walisema aliyewaelekeza ni mleta vifurushi aliyeona viatu vingi mlangoni. Hakuna aliyethibitisha. Luseane alivirudia vitu hivyo kichwani kwa mpangilio, na kichwa kikatulia. Hata hivyo hakuliachia pazia.

Fundi huyo hakuja kwa bahati mbaya. Luseane mwenyewe ndiye aliyemwita.

Mitihani ya kidato cha mwisho ilikuwa inakaribia, na shule ilikuwa imeweka masomo ya marudio yote mtandaoni. Maktaba ya mji ilifungwa saa kumi na moja. Bando la simu ya mama lilikata roho katikati ya kila mwezi. Kwa muda Luseane alikuwa akikaa kwenye maegesho ya duka la kuku wa kukaanga, akivuta mtandao wa bure kupitia ukuta, mpaka meneja alipotoka kumwambia anunue chipsi au aondoke. Alilinganisha kampuni moja baada ya nyingine. Zote zilitaka mkataba wa miaka miwili. Kisha mwalimu wa ushauri, Bi Pomeroy, akamwonyesha mpango wa wanafunzi: laini ya nyumbani bila malipo kwa mwaka mzima, na kompyuta mpakato iliyotumika kwa nusu bei. Masharti yalikuwa mepesi. Uthibitisho wa shule, anwani ya nyumba, na mtu mzima wa miaka kumi na minane au zaidi awepo siku ya kufungiwa laini.

"Watakuja mpaka ndani?" mama yake, Lesieli, alikuwa ameuliza.

"Mtandao hauletwi na posta, mama."

"Usinijibu kama wakili. Nauliza kaka yako atakuwa wapi."

"Shambani. Nimechagua siku ya kazi makusudi."

"Na wakiuliza humu tunakaa wangapi?"

"Nimeandika wawili."

Lesieli aliendelea kumenya magimbi. "Haya," alisema mwishowe. "Mungu ana hesabu yake."

Luseane na mama yake walikuwa na karatasi zao, walizozipata kupitia kwa marehemu baba wa kambo walipohama kisiwani kwao, Vava'u. Kaka yake, Kepueli, wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Umri wa kuandikwa kama mtoto ulikuwa umempita, akabaki. Alikuja baadaye kwa viza ya wachuma matunda. Wakala aliyemleta akawa anamkata mshahara kwa ajili ya kitanda, usafiri, hata maji ya kunywa, na Kepueli akamkimbia. Viza ilikuwa na jina la wakala, kwa hiyo ilikufa siku aliyokimbia. Akishikwa atafungiwa, atapakiwa kwenye ndege, na hatakanyaga tena Australia kwa miaka. Nyumbani hilo halikuzungumzwa. Walilijua wote watatu kama mtu anavyojua jino lake bovu liko wapi.

Mpango wa Ijumaa ulikuwa mzuri, ila mvua ilianza kunyesha kabla ya mapambazuko. Machungwa hayachumwi yakiwa na maji, ganda huungua na kuingia madoa. Kepueli alirudishwa pamoja na wenzake, na sasa alikuwa amelala kwenye banda la gari, ambalo ndilo chumba chake. Kisha ghala la kufungashia lilimpigia Lesieli, aliyekuwa ameomba ruhusa: kuna mtu hakufika, njoo utusaidie kidogo. Fundi alitakiwa kuja kati ya saa nne na saa nane.

"Nitarudi kabla ya saa tano," Lesieli alisema akitafuta funguo. "Hajazaliwa fundi wa kuja mapema."

Sasa fundi alikuwa anagonga.

Luseane alifungua mlango nusu. Mtu mwenyewe alikuwa mnene, mwenye ndevu za kijivu, sare ya buluu iliyokoza, matope mpaka magotini. Kitambulisho shingoni kilisema Lindner.

"Habari ya asubuhi, mama mdogo. Nimewaletea mtandao. Bosi wa nyumba yuko?"

"Mama anakuja."

"Anakuja kutoka chumbani au kutoka mjini?"

"Kazini. Hachelewi."

Lindner alitazama kishikwambi chake. "Wewe una miaka mingapi?"

Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa kwenye maombi, na maombi yalikuwa kwenye kioo kile. "Kumi na saba."

"Hapo tumekwama, mwanangu. Bila mtu mzima siingii. Siyo roho mbaya. Mwenzangu aliingia nyumba ya namna hii, kesho yake akaambiwa pete ya mama haionekani."

"Ukisubiri kidogo tu."

"Nina nyumba nyingine tano na barabara zote ni uji. Nakupangia siku nyingine." Alipitisha kidole kwenye kioo. "Tarehe ishirini na tisa Novemba."

Mitihani ingekuwa imekwisha. Luseane alitaka kusema sawa. Aseme sawa, afunge mlango, arudi kwenye ukuta wa duka la kuku. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni aliposikia mlango wa bati wa banda ukikwaruza sakafu.

Ukuta wa banda ulikuwa mbao tupu. Kepueli alikuwa amesikia yote.

Alitokea ubavuni mwa nyumba, peku, alama ya mto wa kulalia bado shavuni. Hata kwa haraka ile alikuwa amevaa shati, kwa kuwa hajitokezi kifua wazi mbele ya dada yake. Lakini alikuwa ameshika lililokuwa karibu: shati la kazi, lenye jina la shamba kifuani.

"Mtu mzima ni mimi," alisema.

"Naona," Lindner alisema. "Ukipimwa kwenye mizani ni watu wazima wawili. Unakaa hapa?"

"Ni kaka yangu," Luseane aliwahi. "Amekuja kututembelea."

Lindner aliitazama miguu ya Kepueli. "Umekuja kutembelea bila viatu." Hakungoja jibu. "Jina?"

"Kepueli."

"Na la ukoo?"

Kepueli alilitazama sanduku la barua pale getini, kana kwamba kuna jina la bure limeandikwa pale. Halikuwepo. "Fonohema," alisema, na akalitaja herufi kwa herufi, polepole, kama alivyofundishwa shuleni. Kidole cha Lindner kililigonga kwenye kioo.

Ndani, fundi alifuata waya wa simu wa zamani toka ukumbini, kando ya dari, mpaka ulipopenya ukutani. Aliusukuma mlango. Kilikuwa chumba cha Luseane.

"Soketi iko hapa, nyuma ya kitanda. Robo saa nimemaliza. Ingia, kaka mkubwa, kaa hapo kitandani unione ninavyofanya."

Kepueli alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, karibu na jiko, ameupa mlango mgongo. "Nitakaa hapa."

"Hapo hunioni. Hiki ni chumba cha mtoto. Nikifanya kazi humu, mtu mzima lazima awemo."

"Hapa panatosha."

Tangu Luseane alipovunja ungo, kaka yake hajakanyaga chumba anacholala dada, kule Vava'u wala huku. Hilo ndilo lililompeleka kwenye banda la gari. Kitandani mwa dada yake? Angekubali kwanza kukaa kwenye magoti ya ofisa wa uhamiaji.

Lindner alitoka chumbani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Humo kuna nini?"

"Hakuna kitu," Luseane alisema.

"Sikiliza. Nyumba za upande huu nimeona mambo. Mara moja nilifungua kabati nikakuta shamba zima la bangi na taa zake. Kama kuna kitu, niambieni niondoke na amani yangu."

"Ni mila yetu. Kaka haingii chumba cha dada."

"Hata mimi nikiwemo?"

"Hata mfalme akiwemo."

Lindner alimtazama yeye, kisha mgongo wa Kepueli. "Mimi na dada zangu tulilala wanne chumba kimoja. Tulipigana mpaka damu."

"Pole," alisema Luseane.

Fundi hakucheka. Aliweka kekee yake ya kutobolea ukuta sakafuni. "Ngoja nipige simu," alisema, akatoka nje mpaka kwenye gari.

Luseane alirudi kwenye pazia. Kioo cha gari kilikuwa kimefungwa. Alimwona Lindner akizungumza, akinyamaza, akitikisa kichwa. Alimwona akiinua macho kwenye namba ya nyumba na kuisoma, midomo ikitamka tarakimu. Kisha akaligeukia banda la gari, ambalo mlango wake ulikuwa wazi, na ndani yake kitanda kilichotandikwa shuka la maua kilionekana vizuri kabisa kutoka barabarani.

Hakuweza kujua anazungumza na nani. Jambo lingine lolote angeweza kulipima.

Alikwenda mpaka mlango wa jikoni. "Kaka," alisema, macho chini. "Toka kwa nyuma. Fuata mfereji mpaka kwa shangazi Ilaise."

Kepueli aliliambia friji, si yeye. "Nikitoka, hapa hakuna mtu mzima."

"Mtandao siutaki tena."

"Mitihani unaitaka."

"Kaka, tafadhali."

"Jina nimeshatoa," alisema. "Miguu itanisaidia nini?"

Mlango wa gari ulifungwa. Hatua za viatu vizito zikapanda ngazi za mbele, na Luseane akahesabu kama ni za mtu mmoja. Zilikuwa za mtu mmoja.

"Bosi wangu kakubali," Lindner alisema. "Soketi naihamishia jikoni. Hatuingii kwa mtu, hatukosani na mtu. Njoo unishikie waya, kaka mkubwa. Jikoni unaruhusiwa, au na jiko lina dada?"

Kwa mara ya kwanza Kepueli alitabasamu. Walifanya kazi pamoja. Lindner alitoboa ukuta juu ya meza, vumbi jeupe likamwagika kwenye sufuria yenye magimbi, akaomba radhi kwa sufuria. Kepueli alipanda kiti akavuta waya kutoka darini, fundi akimsifu urefu. Alimuuliza kama anacheza raga. Kepueli alisema siku hizi anachuma machungwa tu. Luseane, aliyekuwa akifagia, alisimamisha ufagio. Lindner aliendelea kukaza skrubu.

"Tayari," alisema baadaye. Kisanduku cheupe kilikaa ukutani, taa zake tatu zikiwa nyekundu. Aliinua kishikwambi. "Sasa simama hapo kando yake."

"Ya nini?" Luseane aliuliza.

"Nikihamisha soketi lazima nipige picha. Soketi, kisanduku, na mtu mzima aliyekubali ihamishwe. Watu wanakubali leo, kesho wanapiga simu kulalamika."

"Nipige mimi. Laini ni yangu."

"Wewe bado una kumi na saba, mama mdogo."

Kepueli angeingia chumbani, picha isingehitajika. Luseane alilijua hilo, na alipomtazama kaka yake aliona analijua pia. Kepueli alishuka kwenye kiti. Alijifuta vumbi usoni kwa kiganja, akasimama wima kando ya kisanduku, jina la shamba likiwa limenyooka kifuani.

"Legeza uso kidogo. Hatuko polisi."

Kishikwambi kikalia.

"Inakwenda wapi?" Luseane aliuliza.

"Ofisini."

"Anayeitazama ni nani?"

Lindner alifikiri kweli. "Sijui. Sijawahi kuuliza."

"Inaweza isiende?"

Ndipo fundi aliposhusha kishikwambi. Alimtazama Luseane. Alimtazama Kepueli, shati, miguu peku, alama ya mto iliyokuwa karibu kufutika shavuni. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Luseane alielewa kwamba swali lake lilikuwa limeeleza zaidi kuliko picha.

"Nilitaka kujua tu," alisema.

"Mh," Lindner alisema. Aligeuza kioo kumwonyesha. Picha ilikuwepo, ndogo, na jina la Kepueli Fonohema chini yake pamoja na anwani ya nyumba. "Hata hivyo bado haijaenda. Humu ndani laini ya kishikwambi changu haishiki kabisa. Inasubiri mtandao."

Lindner alikuwa bado amemtazama Luseane. Kisha akashusha macho, akainama kwenye kisanduku, akabonyeza kitufe cha nyuma, akakiunganisha kishikwambi chake humo, kama anavyofanya kila nyumba ili kuhakikisha laini inapitisha.

Taa ya kwanza ikawa kijani. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilipepesa kwa muda mrefu, ikatulia, ikawa kijani. Kwenye kioo, chini ya uso wa Kepueli, mstari wa buluu ulianzia kushoto ukasogea mpaka kulia, na badala yake likatokea neno moja: imetumwa.